Uzi: Mistari mirefu kwenye karatasi ya risiti. Tumia fold, namba ya kipimo isikatwe katikati

#1 MasasiTerminali

Wakuu, salamu kutoka Masasi. Mikorosho inaanza kutoa maua, na maduka ya pembejeo mjini hapa yamejaa watu wa salfa na wa dawa za maji za ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Kuna utaratibu umeanza kwenye baadhi ya maduka na mimi naukubali sana: mkulima akinunua dawa anachapiwa maelekezo ya kupulizia kwa Kiswahili, kwenye karatasi ileile ya risiti. Kibandiko cha chupa kina herufi ndogo mno, na mzee hawezi kukisoma shambani saa kumi na mbili asubuhi mwanga bado haujakaa sawa.

Tatizo ni printa. Zilizojaa huku ni zile ndogo za karatasi ya milimita 58. Upana wake wa kuchapa ni nukta 384, na herufi ya kawaida inakula nukta 12, kwa hiyo mstari mmoja unabeba herufi 32 basi. Ukiipelekea sentensi ndefu inajaza herufi 32, inakata hapohapo, inashuka chini. Haijali kama imekata neno au namba. Sentensi hii nimeitunga kwa mfano tu, kipimo halisi fuateni kibandiko cha dawa yenu:

Kwa bomba moja, weka mililita 150 za dawa na ujaze maji safi hadi alama ya juu.

Karatasi inatoka hivi:

    Kwa bomba moja, weka mililita 15
    0 za dawa na ujaze maji safi had
    i alama ya juu.

Someni mstari wa kwanza peke yake. Mililita 15! Mtu mwenye haraka anapima 15, dawa inakuwa nyepesi mara kumi, ubwiriunga unamaliza maua, na lawama zinaenda kwenye dawa au kwa mwenye duka. Ndiyo maana nimeamua kufungua uzi. Watu wanadhani kupanga mistari ni urembo.

Dawa yake ipo ndani ya Linux yoyote, na hata kwenye simu ya Android ukiweka Termux, programu ya kuandikia amri. Amri inaitwa fold. Ni ya zamani, Bill Joy aliiandika mwaka 1977 akiwa Berkeley, na kazi yake ni moja: inapokea mistari mirefu inaikata kwa upana unaoutaka. Usipoiambia kitu inakata kwenye herufi ya 80. Alama -w inabeba upana, na -s inaiagiza ikate kwenye nafasi kati ya maneno:

    fold -s -w 32 maelekezo.txt

Matokeo:

    Kwa bomba moja, weka mililita
    150 za dawa na ujaze maji safi
    hadi alama ya juu.

Hiyo -s msiisahau kabisa. Bila hiyo fold inafanya kosa lilelile la printa.

#2 KijanaWaRuangwa

Mkuu uzi mzuri. Ila mimi naona unazunguka. Si unafungua faili kwenye Notepad, unabonyeza Enter mwenyewe kila unapoona mstari umefika mwisho? Maelekezo yenyewe ni aya tatu.

#3 MasasiTerminali

Ndugu yangu, aya tatu leo. Duka lina dawa za korosho, za ufuta, za mbaazi, za nyanya, na kila moja ina karatasi yake. Halafu mwenye duka akipata hela ananunua printa kubwa ya karatasi ya milimita 80, ambayo mstari wake ni herufi 48. Zile Enter zote ulizobonyeza zinakuwa mzigo: mistari inaishia katikati ya karatasi na itabidi uanze kuzifuta moja moja.

Msimamo wangu ni huu na sitauacha: faili la asili libaki bila kukatwa. Kila aya iwe mstari mmoja, hata ukiwa na herufi 600. Kukata kufanyike wakati wa kutoa tu, kulingana na pale maandishi yanapokwenda. Printa ndogo 32, printa kubwa 48, simu yako upana wa kioo chake. Faili ni lilelile.

#4 KijanaWaRuangwa

Hapo kwenye 48 umenipata. Sasa kwenye simu nitajuaje upana? Nikizungusha simu unabadilika.

#5 FundiLigula

Mkuu, Termux inajua yenyewe. Amri tput cols inakuambia kioo kina herufi ngapi kwa wakati huo. Unaichomeka ndani ya fold:

    fold -s -w "$(tput cols)" maelekezo.txt

Ukizungusha simu ukaiita tena, inapanga upya. Na kama unasoma tu, hutaki kutengeneza faili jipya, tumia less. Yenyewe inakunja mistari kwenye kioo bila kugusa faili. Ukitaka isikunje, kwa mfano unaangalia jedwali, less -S.

Vijana wengi hawatofautishi vitu viwili hapa. Programu ya simu ikikuonyesha mstari mrefu umeshuka chini, haina maana kwamba ndani ya faili kuna mstari mpya. Ni macho yako tu yanaona hivyo. Faili lile ukilipeleka printa, printa inakutana na mstari mmoja mrefu kama ulivyo.

#6 BintiNewala

Habari zenu kaka zangu. Mimi nachapa kwenye stationery hapa Newala, wateja wananiletea maandishi yametoka Word. Nimefuata fold -s -w 32 na maneno yamekaa vizuri, ila neno ng’ombe linatoka ngΓÇÖombe. Ng’oa nayo hivyohivyo. Na mistari yenye maneno hayo ni mifupi kuliko mingine bila sababu. Tatizo ni printa au ni fold?

#7 MasasiTerminali

Dada, swali zuri sana, na kwa Kiswahili litamkuta kila mtu kwa sababu ya ng’.

Word inabadilisha ile alama ya kawaida inayosimama wima (') kuwa alama iliyopinda (’). Kwa macho zinafanana. Kwa kompyuta ile ya wima ni baiti moja, iliyopinda ni baiti tatu. Printa yako haielewi UTF-8 (mfumo wa sasa wa kuhifadhi herufi), inatumia jedwali la zamani la herufi, kwa hiyo kila baiti inaichapa kama herufi yake: Γ, kisha Ç, kisha Ö. Ndiyo hizo unazoziona.

Ufupi wa mistari nao unatoka hukohuko. Fold nyingi zilizomo kwenye Linux zinahesabu baiti hizo tatu kama herufi tatu, zinadhani mstari umejaa wakati bado. Maandishi yakiwa ya Kiswahili cha kawaida huwezi kuona tofauti, kwa sababu herufi zetu zote ni za baiti moja. Ni hii alama moja tu inayotuponza. Irudishe kuwa ya wima kabla ya kukata, kwa sed, amri ya kubadilisha maandishi:

    sed "s/’/'/g" maelekezo.txt | fold -s -w 32

Kama kuna na alama za kunukuu zilizopinda, ziongeze kwa mtindo huohuo.

#8 BintiNewala

Imekubali! Ng'ombe ametulia. Asante sana kaka.

Kuna lingine. Faili za mteja mmoja zinakuja na kialama kama ^M mwisho wa kila mstari nikizifungua kwa terminali.

#9 FundiLigula

Hizo zimeandikwa Windows. Yenyewe inamaliza mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja, ile ya ziada ndiyo ^M. Iondoe mwanzo kabisa:

    tr -d '\r' < faili.txt > safi.txt

Usiipuuze dada, maana fold ikikutana nayo inadhani imerudi mwanzo wa mstari na inaanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Ikikaa katikati ya aya, hesabu yote inaharibika.

#10 KaraniWaGhala

Wakuu nawasalimu. Mimi ni karani kwenye chama cha msingi. Nimesoma uzi wote, ila nashangaa hakuna aliyeitaja fmt. Barua za chama nazipanga kwa fmt na zinatoka nzuri kuliko fold. Fold inajaza mstari mpaka pomoni, unaofuata unabaki na maneno mawili. Fmt inatazama aya nzima ndiyo iamue.

#11 MasasiTerminali

Karani, uko sahihi kwenye barua. Fmt ya GNU haiendi mstari kwa mstari, inapima aya yote na kuchagua mikato itakayofanya mistari ikaribiane urefu. Inajitahidi hata isiache neno la kwanza la sentensi peke yake mwisho wa mstari. Usipoipa upana inatumia 75, na inalenga chini kidogo ya hapo ili ipate nafasi ya kupumua. Kwa barua ya karatasi kubwa nakubaliana nawe moja kwa moja.

Kwa risiti bado nashikilia fold, kwa sababu mbili. Kwanza fmt ikikuta neno refu kuliko upana, inaliacha lipite, halafu printa inalikata yenyewe. Pili, na hii ndiyo kubwa, fmt inaunganisha mistari. Fold inakata tu, haiunganishi kamwe. Ukiwa na orodha kama hii:

    Vaa glavu
    Vaa barakoa
    Usile wakati wa kupulizia

fold itaiacha ilivyo. Fmt inaona ni aya moja, inakurudishia "Vaa glavu Vaa barakoa Usile wakati wa kupulizia". Kwenye maelekezo ya dawa hiyo haifai.

#12 MwlNachingwea

Hilo la kuunganisha limenigusa. Nafundisha Kiswahili, na wanafunzi wangu wanaandika mashairi, mimi nayakusanya kwenye kompyuta ya shule. Kijana mmoja mwenye bidii aliyapitisha yote kwenye fmt ili "yapangike". Beti zikabaki kwa sababu kati yake kulikuwa na mstari mtupu, lakini mishororo yote ya ubeti ikawa donge moja. Vina havionekani tena, ukwapi na utao havijulikani vinaanzia wapi. Shairi limekuwa tangazo.

Naomba ushauri. Nataka kuyachapa kwenye karatasi nyembamba ili kila mwanafunzi abandike lake daftarini. Mshororo wa mizani 16 hauenei kwenye herufi 32.

#13 MasasiTerminali

Shikamoo Mwalimu. Kwanza, kama faili la asili lipo, tumia lile. Lililopita kwenye fmt halirudishiki kwa amri. Fmt ina alama ya -s ambayo inaizuia kuunganisha, inakata mistari mirefu tu, ila kwa shairi hata hiyo siipendi. Wala fold siipendi hapo. Zote zinakata pale nafasi inapoishia, na shairi lina mahali pake pa kukatwa, mwisho wa ukwapi. Kama wanafunzi wanaweka koma kati ya ukwapi na utao:

    sed 's/, /,\n    /' shairi.txt

Koma ya kwanza ya kila mshororo inabaki, utao unashuka mstari wa chini ukiwa umeingia ndani kidogo. Mizani 8 inaenea kwenye herufi 32 bila shida. Kwenye kompyuta za Mac hiyo \n haifanyi kazi vilevile, kwa Linux na Termux iko sawa.

#14 MwlNachingwea

Marahaba. Nimejaribu kwa ubeti mmoja, umekaa kama ulivyoandikwa. Vina vya kati vimejipanga chini kwa chini, hata mwanafunzi anayesinzia ataviona.

#15 KijanaWaRuangwa

Wakuu nauliza tu, hii 80 ya fold ilitoka wapi? Kwa nini isiwe 100?

#16 FundiLigula

Kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928 zilikuwa na safu 80. Vioo vya kompyuta vilivyokuja baadaye vikafuata upana huohuo, kama VT100 ya mwaka 1978. Tumerithi.

#17 KaraniWaGhala

Nirudi kwenye kazi. Chama kinatuma ujumbe mfupi kwa wanachama kuhusu mnada na malipo. Ujumbe ukizidi herufi 160 tunatozwa wa pili. Nimefikiria fold -s -w 160 ili kila mstari uwe ujumbe mmoja. Kuna ubaya?

#18 BintiNewala

Karani, angalia ng’! Nimekutana nayo kwenye matangazo ya harusi. Hiyo 160 ni kwa herufi za kawaida za simu. Ukiweka alama moja tu iliyopinda, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine na kikomo kinashuka hadi 70. Herufi moja inakugharimu ujumbe mzima. Pitisha ile sed ya kaka MasasiTerminali kwanza.

#19 MasasiTerminali

Dada amemaliza. Naongeza dogo: usiruhusu mtandao ukukatie ujumbe mrefu, maana ujumbe ulioungwa unabeba 153 kwa kila kipande, zile saba zinatumika kuunganisha. Ukikata mwenyewe kwa fold unapata 160 kamili, ila hakikisha kila kipande kinaeleweka peke yake, kwa sababu kinaweza kufika kabla ya mwenzake.

#20 KaraniWaGhala

Sawa. Kitu cha mwisho kwangu. Kwenye matangazo ya malipo kuna ile namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12. Naiandika kwa mafungu ya nne nne ili isomeke. Fold -s inaona nafasi inakata katikati ya namba. Nusu juu, nusu chini, mtu anakwenda benki na nusu.

#21 MasasiTerminali

Nilikuwa nasubiri mtu alifikishe hapa, kwa sababu hata mfano wangu wa kwanza haujakaa ninavyotaka. Rudini mkautazame: "mililita" imebaki juu, "150" imeshuka. Haidanganyi mtu kama mwanzo, lakini kipimo na namba yake vinapaswa kukaa pamoja. Jicho la msomaji lisitafute.

Ujanja ni kuificha ile nafasi. Kabla ya kukata, nafasi kati ya kipimo na namba unaibadilisha kuwa alama ambayo haimo kwenye maandishi yako, mimi natumia ~. Fold inaona neno moja, haikati. Ukishakata unairudisha kuwa nafasi. Kwa kuwa herufi moja imebadilishwa na herufi moja, hesabu ya 32 haiguswi.

    sed -E 's/(mililita|lita|gramu|kilo) ([0-9])/\1~\2/g' maelekezo.txt | fold -s -w 32 | tr '~' ' '

Sentensi yetu sasa:

    Kwa bomba moja, weka
    mililita 150 za dawa na ujaze
    maji safi hadi alama ya juu.

Mstari wa kwanza umekuwa mfupi, na uwe mfupi. Mimi nachagua risiti yenye pengo kuliko kipimo kilichotengana. Kwa namba yako Karani, ongeza sed nyingine inayoshika tarakimu, nafasi, tarakimu:

    sed -E 's/([0-9]) ([0-9])/\1~\2/g'

Mafungu yote matatu yatakaa mstari mmoja. Namba za simu zilizoandikwa kwa mafungu nazo zitapona humohumo.

#22 KaraniWaGhala

Imekaa. Nimeijaribu kwa 32 na kwa 48, namba haikatiki popote.

#23 BintiNewala

Kaka, tuwekee yote pamoja basi kwa sisi tunaochapa kila siku. Na orodha zenye alama ya deshi mwanzoni nifanyeje? Fold ikishusha mstari wa pili unaanzia chini ya deshi, huoni kama ni mwendelezo au ni kitu kipya.

#24 MasasiTerminali

Kwa maandishi ya aya, weka hii kwenye faili liitwe risiti.sh:

    #!/bin/sh
    tr -d '\r' < "$1" |
    sed "s/’/'/g" |
    sed -E 's/(mililita|lita|gramu|kilo) ([0-9])/\1~\2/g' |
    sed -E 's/([0-9]) ([0-9])/\1~\2/g' |
    fold -s -w 32 |
    tr '~' ' ' |
    sed 's/ *$//'

Ile sed ya mwisho inafuta nafasi ambayo fold -s inaiacha mwisho wa mstari. Kwenye karatasi haionekani, lakini ukitaka kuweka maandishi katikati ya karatasi itakusumbua.

Kwa orodha za deshi, kata kwa 30 badala ya 32, halafu kila mstari wa mwendelezo upewe nafasi mbili mbele. Toa mstari wa fold hapo juu, weka hii mahali pake:

    while IFS= read -r m; do
      printf '%s\n' "$m" | fold -s -w 30 | sed '2,$s/^/  /'
    done |

Kila kipengele kinapita peke yake, mstari wake wa kwanza unabaki na deshi, inayofuata inaingia ndani. 30 na 2 ni 32, karatasi inatosha.

Kabla ya kupeleka printa, pitisha matokeo kwenye awk 'length > 32'. Ikikaa kimya, hakuna mstari uliozidi. Majedwali ya bei msiyapitishe humu kabisa, wala faili za CSV, kwa sababu huko mstari mmoja ni bidhaa moja na ukiukata umeharibu hesabu. Na kipimo chochote kabla hakijamfikia mkulima, mmoja achape, mwingine asome karatasi kwa sauti huku ameshika chupa.

#25 BintiNewala

Nimechapa ya mikorosho na ya mbaazi, deshi zimekaa. Kaka, ongeza na "vijiko" kwenye ile orodha ya vipimo, huku kwetu wengi wanapimia kijiko.

#26 MasasiTerminali

Hapo sawa dada. (mililita|lita|gramu|kilo|vijiko|kijiko). Wenye vipimo vingine wanavyotumia huko kwenu, Tandahimba, Nanyumbu, Liwale, viandikeni hapa chini niviweke.